Ubao Tuliouita wa Kabati

Tarehe tisa Agosti mwaka juzi, nyumba ya dada yangu Dorika ilipoteza mlango wake wa mbele. Haukuibwa. Ulitolewa mchana kweupe na fundi aliyeitwa kwa kazi hiyo, watoto wa dada wakiangalia, na dada mwenyewe akiwapikia chai. Ulikuwa mlango wa mninga wa vipande sita vinavyokunjana na kusukumwa pembeni, mpaka sebule na baraza vinakuwa chumba kimoja. Mahali pake wakajenga ukuta wa tofali, wakaupamba kwa jipsamu na vitaa vya rangi, wakatundika televisheni.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaojenga Dodoma ya sasa. Mimi ni mwashi mstaafu. Nimesoma mpaka darasa la nne, na kalamu naishika kama mwiko wa plasta. Lakini nimechoka kuongea peke yangu barabarani. Nikitoka kwangu Ipagala asubuhi, nasimama mbele ya nyumba mpya, natikisa kichwa, nashusha pumzi ndefu, naendelea, nasimama mbele ya nyingine. Wenye nyumba wanadhani ni mwendawazimu au ni dalali. Basi nimeona niandike, labda mtasoma mkiwa mnasubiri zege likauke.

Nianze na ubao.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Stefano, mtu wa Mpwapwa, mfupi, mwenye sauti ya kunguruma isiyolingana na mwili wake. Alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Kuta zikishapanda, kabla fremu za milango hazijafungwa, alichukua ubao mrefu akawapa watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Kila mmoja alishika ncha ya ubao kwa mkono mmoja, na mkono wa pili, ule wa nje, akapewa ndoo tupu ainyooshe pembeni. Halafu akawaamuru waingie na ubao huo kutoka uani hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi kila chumba, na kutoka tena. Bila kuuinamisha. Bila kuusimamisha. Ndoo ikigonga ukuta, kazi inasimama.

"Ukuta usogee," alikuwa anasema. Hakuwahi kusema ubao upunguzwe.

Wenye nyumba waliuliza ni wa nini, na sisi tulifundishwa kujibu: "Wa kabati. Siku ukinunua kabati kubwa, litapita."

Mimi mwenyewe niliamini ni wa kabati kwa muda mrefu. Siku moja nikamuuliza, "Fundi, sasa ndoo za nini? Kabati halina ndoo." Akanitazama kama mtu anayetazama tofali lililovunjika. Akasema, "Yona, jeneza halitembei lenyewe. Lina watu pembeni, na watu wana viwiko. Ukipima sanduku peke yake umepima nusu."

Hapo nikaelewa, na nadhani nanyi mmeelewa. Huku kwetu mtu akifia hospitali harudishwi ardhini moja kwa moja. Anarudi kwake kwanza. Anaingizwa sebuleni, akina mama wanakaa chini kumzunguka, wanaimba, wanalia, wanasimulia aliyoyafanya, naye anatoka kwa mlango wake mwenyewe kwenda kanisani. Nyumba isiyoweza kufanya hivyo, kwa Fundi Stefano, ilikuwa haijaisha, hata kama imepakwa rangi.

Lakini huwezi kumwambia hivyo mtu anayejenga kwa furaha. Siri ilitutoka mara moja kule Makutupora, kwenye nyumba ya bwana mmoja wa zabibu. Hatukusema chochote sisi, ila mke wake alikuwa mwerevu. Alikaa pale nje akituangalia tunaingia na kutoka na ubao na ndoo. Tulipotoka chumba cha nyuma akasimama.

"Nyie. Kabati gani linaingia mpaka chumbani kwa mama mkwe wangu halafu linatoka tena?"

Tukashusha ndoo chini.

"Mnanichuria! Nyumba haijapigwa hata bati mnanichuria!"

Alitukimbiza na mti wa kuegeshea mizabibu. Fundi Stefano alikimbia akiwa wa mbele, wala sijawahi kumwona akikimbia tena. Jioni mume akaja kutuomba turudi. Mama akakubali kwa sharti: aitwe mwinjilisti aombe kwanza, na yeye mwenyewe ashike ncha moja ya ubao ili aone tunafanya nini. Akashika. Alipofika kwenye kona ya korido, ndoo yake ikagonga. Akageuka akamwambia mumewe, "Huu ukuta ni mbaya. Vunja." Tangu hapo sikumsikia akilalamika.

Sasa nirudi kwenye nyumba ya dada, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nyumba ile ilijengwa miaka michache baada ya uhuru. Shemeji yangu alikuwa bwana mifugo, mrefu kuliko watu wote tuliowajua, na alitaka nyumba ya kisasa. Mchoraji alikuwa kijana kutoka nje, mwenye kaptula na penseli sikioni. Alichora nyumba ndefu ya chini, isiyo na urembo wowote. Paa lake halikuinamia nje kama mapaa mengine, liliinamia katikati. Ukisimama barabarani unaona kama kitabu kilichofunguliwa kikalazwa chali. Upande wa mashariki, upepo unakotoka, aliweka ukuta mzima wa tofali za matundu. Upande wa magharibi, jua linakochoma, aliweka mapezi ya zege, mabapa yamesimama wima kando ya madirisha kama mtu aliyeweka kiganja pembeni ya jicho. Juu kabisa, chini ya paa, kulikuwa na vidirisha virefu vyembamba ambavyo watu walidhani ni makosa. Kazi yake ilikuwa kutoa joto. Hewa ya moto hupanda, ikikuta tundu inaondoka, ikikosa inarudi kukaa nawe. Hilo halihitaji chuo.

Sakafu ilikuwa ya terazo, saruji iliyochanganywa na vipande vidogo vya mawe. Tuliisugua kwa jiwe na maji mpaka magoti yakatoka sugu. Kati ya jiko na chumba cha kulia palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, ambacho dada alikitumia zaidi kusikiliza maongezi ya wageni wa mumewe. Na mbele, baina ya sebule na baraza, ule mlango wa vipande sita.

Siku ya kupitisha ubao shemeji alikuwepo. Tukasema la kabati. Akacheka. "Mimi ni bwana mifugo," akasema, "kila siku naona ng'ombe aliyeingia zizini mzima akashindwa kutolewa amekufa. Msinidanganye." Akauweka ubao juu ya vigoda viwili vya seremala, akalala juu yake chali, kofia kifuani. "Haya, nipimeni."

Fundi Stefano akauchapa msumeno kwa urefu wa shemeji na kuongeza kiganja kimoja. Tukaupitisha. Kwenye kona ya kuingilia vyumbani ndoo ikagonga. Tukausogeza ukuta nusu tofali. Mchoraji alipokuja akapima, akapima tena, akauliza kwa nini ukuta hauko mahali alipouchora. Fundi Stefano akamjibu, "Kabati." Mchoraji akafikiri, akatoa penseli sikioni, akachora kabati kwenye ramani. Kabati hilo halikuwahi kununuliwa, lakini kwenye ramani lipo.

Ubao wenyewe haukutupwa. Dada aliuomba akaufanya rafu ya stoo.

Msidhani nataka kuwaambia kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Nyumba ile ilitusumbua. Paa la kuinamia katikati maana yake maji yote ya mvua yanakutana kwenye mfereji mmoja juu ya vichwa vyenu. Na Dodoma mvua ikikata inakata miezi mingi, mfereji unajaa majani, vumbi na viota vya ndege, na hakuna anayeukumbuka kwa sababu mbingu ni nyeupe. Mvua ya kwanza ya Desemba ilipopiga, maji yalikosa njia yakashukia chumba cha kulia, katikati ya sufuria ya ugali. Shemeji alikula mlo ule amevaa koti la mvua ili kunionyesha. Ndipo tukaongeza tundu la pili la kutolea maji, na nikajifunza jambo ninalowaomba mlishike: mfereji wa paa haukaguliwi kwa macho. Panda na ndoo za maji, mwaga, shuka, angalia yanatokea wapi na kwa muda gani. Maji ni ya kununua, najua. Mwaga.

Na hapa ndipo mnaponichosha. Mnajenga sasa nyumba za paa lililofichwa nyuma ya kuta, mnaziita za kisasa, mnapiga picha. Ni mfereji ule ule! Ni ugonjwa ule ule uliomnyeshea shemeji, tofauti ni kwamba sisi wetu ulionekana kutoka barabarani na ninyi mmeuzungushia ukuta. Nimeingia nyumba mpya ambayo dari lake limeota ramani ya Afrika, mwenyewe ananiuliza kama ni uchawi. Nikamuuliza mara ya mwisho kupanda juu ilikuwa lini. Akasema hakuna ngazi.

Ukuta wa matundu nao ulikuwa na yake. Nyoka mmoja aliwahi kukaa humo. Watoto walipitisha mikono wakaing'oa ikiwa imechubuka. Na vumbi, sitawaficha, lilipita. Ukuta ule ulivunja nguvu ya upepo na vumbi jingi likaanguka kwenye nafasi kati yake na dirisha, lakini si lote. Dada alifagia nyumba ile maisha yake yote. Alitundika vitunguu kwenye matundu, akaanika mlenda hapo, na mchana wa Oktoba, wakati nyumba za jirani zinaiva, wageni wake walijifanya wana shida mbalimbali ili waje kukaa karibu na ukuta ule.

Shemeji alipofariki, tulikunja ule mlango wote ukaenda pembeni. Wabebaji waliingia naye watatu huku na watatu huku, wakatoka naye vile vile, hakuna aliyegusa kitu. Baada ya mazishi dada aliniita barazani. Hakuwa analia. Akasema, "Yona, umeona alivyotoka? Kama mtu aliyelala."

"Nimeona, dada."

"Mimi pia nitoke hivyo. Nisigeuzwegeuzwe kama kabati."

Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi, kwa sababu mlango ulikuwepo na nilijua nani aliupima.

Haya. Miaka ikaenda, watoto wakakua. Mkubwa ni Elia, ana kazi nzuri Dar es Salaam, na urefu amechukua wa baba yake. Mdogo ni Neema, mwalimu hapa hapa mjini. Ni watoto wazuri, nasema kweli, na walimpenda mama yao. Wakachanga ili mama apate nyumba ya kisasa. Nilipopata habari nikaenda kwa bajaji, nikakuta matundu ya ukuta wa mashariki yanapigwa plasta.

"Shikamoo mjomba," Elia akasema.

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Tunaiboresha. Mama aishi kisasa."

"Hii ndiyo nyumba ya kisasa, Elia. Baba yako alichekwa mji mzima kwa ukisasa wake."

"Kisasa cha wakati wenu, mjomba."

Nikazunguka. Vidirisha vya juu vimefunikwa na dari la jipsamu. Nikasema, joto litatokea wapi? Wakasema kutakuwa na kiyoyozi. Yaani unaziba pua ya mtu halafu unamnunulia mashine ya kupumulia. Nikafika mbele nikamkuta kijana Shabani, fundi wao, anafungua bawaba za mlango wa mninga, taratibu, kwa heshima, bila kuuchubua. Huyo nilimpenda tangu hapo, ingawa nilitamani kumpiga. Akanionyesha mchoro: uwazi wote unazibwa, mlango mpya wa chuma unahamia pembeni, kwenye kijibaraza chenye grili, na ukishaingia unakata kona moja kwa moja kuingia sebuleni.

Nikamfuata dada jikoni.

"Dada, wanatoa mlango."

"Najua. Waache wanangu."

"Ulisema utatoka kwa mlango huu."

"Kwani nakufa kesho?"

"Sijasema kesho."

"Basi. Watoto wamekuja na mafundi wao, wamefurahi. Nikikataa wataona nimewadharau. Vumbi limenichosha, Yona. Na hiyo televisheni naitaka."

"Sasa siku yenyewe?"

"Siku hiyo mimi nitakuwa nimelala," akasema, akacheka mpaka akashika meza. "Utahangaika wewe. Kunywa chai."

Nikanywa chai. Nifanye nini? Nyumba ni yake, watoto ni wake. Niliomba tu ule mlango nikapewa, nikaubeba vipande vipande mpaka kwangu, nikauegemeza nyuma ya nyumba.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, dada aliugua. Hakukaa sana hospitali. Mimi sitaandika mengi hapo. Alinitangulia kuzaliwa, kule Mlali alinibeba mgongoni, na sasa sina mtu wa kumwamkia shikamoo.

Siku ya kumleta nyumbani gari lilifika saa tisa alasiri. Uwanja umejaa, turubai limefungwa, akina mama wako sebuleni chini kwenye mikeka wanaimba, wanamngoja. Vijana sita wakalishusha jeneza, Elia akiwa mbele, wakaelekea kwenye kile kijibaraza. Mimi nikasimama pembeni. Sikutaka kuangalia na nikaangalia.

Kwenye mlango wa chuma wale wa pembeni wakakosa nafasi, wakasogea mbele na nyuma, uzito wote ukawa kwa wanne. Wakapita grili. Wakafika kwenye kona.

"Geuza!"

"Nigeuze wapi, nimebanwa!"

"Rudini nyuma kidogo."

"Huku nyuma kuna grili, jamani, mkono wangu!"

"Inueni upande wa kichwa."

"Kichwa kiko upande gani?"

Ndani wimbo ukapungua. Akina mama walikuwa wanasikia. Wakajaribu tena, mbao ikakwaruza ukuta. Mmoja wa wabebaji, kijana wa kwaya, akasema kwa sauti ya chini, "Tumsimamishe kidogo tu. Sekunde mbili. Tukishakata kona tunamlaza."

"Hasimamishwi," nikasema.

Wote wakanigeukia. Mzee wa kanisa akanishika bega. "Mzee Yona, siku hizi wengi tunawaagia chini ya turubai. Mungu haangalii sebule."

"Sibishani na Mungu, mzee mwenzangu. Nabishana na fremu."

Wakarudi nyuma mpaka nje, wakamweka juu ya mabenchi barazani, mbele ya ule uwazi uliozibwa. Elia jasho linamtiririka, tai imehamia mgongoni. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa nayo tangu Agosti ile, nimeyapanga vizuri. Akaja akasimama mbele yangu, mtu mkubwa vile, akasema, "Mjomba, nimemfungia mama nje." Nikaishika tai yake nikairudisha kifuani.

Neema alikuwa ametoka ndani kuona kulikoni. Akatazama ukuta, akamtazama kaka yake. "Si hapa nyuma ndipo ilipo televisheni? Palikuwa na mlango hapa."

"Palikuwepo," Elia akasema.

"Basi njoo tuitoe."

"Neema, ile imefungwa na boliti nane, na nyaya zimepita ndani ya..."

"Kaka, shika upande mmoja."

Wakaingia. Chini ya turubai akainuka Shabani, yule fundi. Alikuja msibani kwa miguu yake, hakuna aliyemwita, kofia yake ya kufuma kichwani. Akaniambia, "Mzee, ukuta ule nimeujenga mimi. Nipe ruhusa niubomoe mimi."

"Umeuunganisha na linta?"

"Hapana. Linta yenu niliikuta iko imara, nikaijaza tu chini yake. Nilisema moyoni, nani anajua."

Hilo, vijana, lishikeni. Ukiziba uwazi wa zamani usiing'oe linta yake. Ule mkanda wa zege tulioumwaga na Fundi Stefano ulikuwa bado unabeba kila kitu, na tofali za chini hazikubeba chochote isipokuwa televisheni. Ndiyo maana nilithubutu kusema, "Bomoa."

Akina mama walihamia upande wa pili, wakajifunika kanga vichwani kwa ajili ya vumbi, na hawakuacha kuimba. Shabani alianzia juu, akalegeza tofali la kwanza kwa patasi, akalitoa zima. Wazee wa kanisa wakavua makoti wakapanga mstari, wakapokezana tofali mkono kwa mkono mpaka kwenye ua. Ile jipsamu ikaanguka yenyewe na vitaa vyake. Mwanga ukaingia sebuleni, halafu upepo. Neema akafagia njia, akapangusa jeneza kwa upindo wa kanga yake.

Wakambeba. Watatu huku, watatu huku, na Elia mbele kushoto. Hakuna kiwiko kilichogusa. Wakamlaza katikati ya sakafu ya terazo, akakaa na wenzake usiku ule, na asubuhi akatoka pale pale, amelala, akaenda kanisani na kisha kando ya shemeji.

Watu walipokwisha kutawanyika baada ya matanga, Elia aliniita. Uwazi ulikuwa umezibwa kwa turubai linalopigapiga, na sebule yote ilikuwa na vumbi jekundu, makochi, mapazia, kila kitu. Shabani alikuwa amesimama nje kando ya lile rundo la tofali, anasubiri kuelekezwa.

"Mjomba, naomba tuzibe kabla sijarudi Dar. Vumbi halivumiliki, na wezi je? Neema ndiye atakayekaa hapa."

Nikaenda stoo. Kwenye rafu yalikuwa makopo ya dada, nikayateremsha moja moja: karanga, choroko, mlenda mkavu. La mlenda lilikuwa na kijiko chake ndani. Nikakaa kidogo nalo. Halafu nikautoa ubao ukutani, nikaubeba mpaka sebuleni, nikauweka juu ya viti viwili.

"Huo si ubao wa stoo?" Elia akauliza.

"Ni wa baba yako. Alilala juu yake ukakatwa kwa kipimo chake."

Nikamweleza niliyowaeleza ninyi, kuanzia ndoo mpaka kabati la kwenye ramani. Kwenye kabati alicheka. Halafu akauzunguka ubao, akavua viatu, akalala juu yake chali, mikono kifuani. Visigino vyake vikatokeza nje ya ncha.

Shabani akachungulia, akacheka, akaziba mdomo.

"Nimemzidi baba," Elia akasema, akiangalia dari.

"Umemzidi."

Alipoinuka mgongo wa shati lake ulikuwa mwekundu wote. Akaenda kwenye uwazi, akanyoosha mikono yake miwili pembeni. Haikufika kuta. Akamwambia Shabani, "Hizo tofali kazipange nyuma." Kisha akanigeukia. "Mjomba, ule mlango bado uko kwako?"

"Upo. Vipande vitano."

"Vilikuwa sita."

"Kimoja nimefanyia banda la kuku."

"Mjomba!"

"Uliutupa, Elia. Kuku waliuhitaji."

Akanitazama, akashusha pumzi ndefu kabisa, nami nikaijua, maana ni ile ninayoishusha mimi nikipita Ipagala. Kisha akachukua ufagio wa mama yake nyuma ya mlango wa jikoni, akaanza kufagia.